Mwanangu anajibu meseji lakini simu yangu hashiki, amenidharau?

"Shangazi, pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu. Kijana wangu wa kwanza anasoma chuo huko Njoro, yuko mwaka wa pili. Tangu aende, nikimpigia hashiki. Inalia mpaka inakatika, halafu hata dakika mbili haziishi naona meseji, 'Mum sema.' Sasa niseme aje na vidole na mimi niko soko ya Kibuye nimeshika samaki? Juzi shemeji yangu alilazwa, nikampigia weee, hakuna. Nikaingia WhatsApp nikakuta yuko onlaini na ameweka stetasi ya mpira. Nililia. Wenzangu wa chama wanasema amenidharau, ati chuo kimempanda kichwani, nimkatie pesa ya matumizi mpaka ajue kushika simu. Nyanyake kule Seme naye anauliza mjukuu alipotelea wapi. Kabla aende chuo tulikuwa tunaongea sana. Nifanye nini? Mama Anayeumia."

Mama, pole sana. Mtoto uliyemlea na hiyo biashara ya samaki kuona jina lako kwa simu na kuiacha ilie mpaka inyamaze, hiyo inauma, na sitakuambia isikuume. Lakini wacha nianze na penye umeniuliza. Pesa usimkatie. Huko Njoro hana mtu, atalala njaa ama atakopa, na hata akianza kushika simu juu ya hiyo, utajuaje kama ameshika kwa sababu ni mama ama kwa sababu ni M-Pesa? Hao wenzako wa chama wanakupenda, sikatai, lakini hii ya dharau wamekimbia nayo mbio sana. Mtu akikudharau hakujibu kwa dakika mbili. Anakaa na meseji yako siku tatu, tiki ziko buluu, kisha anakuandikia ati alikuwa bize. Wako anakuuliza mara moja, Mum sema. Anataka kujua unasema nini. Anachokimbia ni ile kuongea.

Na si wako peke yake. Mimi nakaa hapa Nakuru, na matatu za Njoro zimejaa hawa watoto. Kuna msichana tulikaa kiti kimoja, simu yake ikalia, ikaandika Aunty. Hakukata. Aliigeuza kifudifudi kwa paja akaweka kiganja juu akangoja, na venye iliacha kulia tu akaichukua na vidole gumba viwili akaandika, "Hi aunty, naona umenipigia, kuna nini?" Na alikuwa anatabasamu akiandika, yaani huyo aunty anampenda kabisa. Nikamuuliza mbona hakushika. Akaniambia, "Akipiga lazima nijue nitamjibu nini hapo hapo, na gari yote inasikiza." Sikuwa na la kumwambia, juu ni kweli gari yote ingesikiza, mimi wa kwanza.

Sasa mfikirie kijana wako. Hosteli, chumba kimoja wako watatu ama wanne, mmoja analala, mwingine ana wageni. Wewe unapiga ukiwa Kibuye na unajua kelele ya Kibuye, lazima upaaze sauti, na yeye huko ili akusikie anapaaza, na mnaongea Kijaluo, na habari yenyewe ni fee haijaisha. Umri wa miaka ishirini hivi mtu anaona haya na kila kitu. Na meseji inampa nafasi ya kufikiria. Anaandika, anafuta, anaandika tena mpaka isikae kama ana hasira ama anaombaomba. Kwa simu ukishasema umesema.

Huko Uingereza kuna utafiti wa 2024 ulikuta karibu robo ya watu wa miaka 18 mpaka 34 hawashiki simu kabisa, na huko hakuna wa kusema ni shida ya kredo. Hata hapa kwetu usidanganywe ati ni kredo. Ingekuwa hawapigi, sawa, juu vijana wengi wako na bando ya WhatsApp lakini salio la kupiga hakuna, na kidogo akiweka deni ya kredo ya Okoa Jahazi inameza. Lakini kushika simu ni bure. Anayepigiwa halipi. Kwa hivyo tusitafute jibu kwa mfuko.

Sisi ndio tulikuwa tunakimbia gharama. Unakumbuka miaka ya elfu mbili hivi venye dakika moja ilikuwa ghali, mtu anaflash anangoja apigiwe, ama anatuma ile Please Call Me, na ukiandika meseji unabana maneno yote yaingie kwa herufi 160 usilipishwe mara mbili. Meseji ya kwanza kabisa ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, injinia anaitwa Neil Papworth alimtakia mtu Krismasi njema, na aliiandika kwa kompyuta juu simu za wakati huo hazikuwa na mahali pa kuandikia. Kwetu meseji ilikuwa ya mtu asiye na pesa ya kupiga, ndio maana ukijibiwa na meseji unaona umepewa makombo. Kijana wako haoni hivyo. M-Pesa ilianza 2007 akiwa mtoto mdogo kabisa, amekua akijua kitu ya ukweli inakuja imeandikwa. Na wewe pia mama, si ndio? Mteja akikuambia nimetuma, unamfungia samaki kabla meseji iingie? Unamwambia ngoja kwanza. Yeye ndio amefanya hivyo na kila kitu, apewe imeandikwa, arudi aisome baadaye.

Lakini penye nataka tukae kidogo ni hapa, na usinichukulie vibaya. Fungua simu yako uangalie zile mara za mwisho ulimpigia, halafu ukumbuke kila moja ilikuwa ya nini. Hii ya shemeji kulazwa naijua. Ile ya kabla yake je? Matanga ya mtu, mchango? Mdogo wake amefukuzwa shule? Mwenye nyumba? Nauliza juu nimesoma barua nyingi za hawa watoto wa kwanza wakiwa chuo, wa kutoka Busia, Kakamega, Siaya, Homa Bay, na wanaandika kitu moja, kwamba nyumbani wakipiga ni shida. Hakuna mtu hupiga kusema leo tumekula vizuri. Sasa mtoto akiona "Mum" kwa kioo tumbo linamkaza kabla hata hajajua ni nini, anajua anaenda kuambiwa kitu inataka pesa na yeye hana pesa, bado anangoja Helb, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, na kwa simu lazima atoe sauti ya mwanaume ya kusema usijali mum itakuwa sawa. Hiyo sauti hana. Mkiandikiana anaweza kulia huku anaandika "sawa mum, tuombe Mungu" na wewe huoni. Sisemi ni wewe umemkosea, mama mwenye analea peke yake ama karibu peke yake atamwambia nani kama si huyo mkubwa? Lakini umesema kabla aende chuo mlikuwa mnaongea sana. Mlikuwa mnaongea nini? Naweza kukisia ilikuwa jioni ukikaanga, mambo ya mtaa, nani ameolewa, Gor Mahia wamecheza aje. Hizo stori ziliisha akaenda, zikabaki zile za shida peke yake.

Na ile ya kuwa onlaini, usiihesabu sana. Grupu ya darasa iko WhatsApp, noti za leksha ziko hapo, hata ukikaa umefungua tu inaonyesha uko onlaini. Stetasi ya mpira ni sekunde kumi.

Sasa nimemtetea vya kutosha, na yeye ana makosa yake. Mtu wa familia amelazwa na umepigiwa mara nyingi zikifuatana, huwezi kujibu "Mum sema" halafu uendelee na mpira. Ukiona simu ya mama imerudi na kurudi unatoka nje ya chumba unapiga, hata kama ni ya kureverse, mama ndiye alipe. Hapo sikubaliani na vijana hata kidogo, na wanaosoma hapa wanisikie. Kuna maneno hayaandikwi. Mtu akifa nyumbani huwezi kumwandikia mtoto kwa WhatsApp akiwa kwa foleni ya chakula, na ndio maana lazima kuwe na njia ya simu kushikwa.

Na nyanya wa Seme. Nadhani ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, na hata kusoma ni shida, ama macho. Kwake meseji si kitu. Mjukuu anaweza kuwa anamkumbuka kila siku na nyanya hajui, juu yeye anajua sauti peke yake. Huyo lazima apigiwe. Jumapili baada ya kanisa, dakika tano, aulizwe kuku wako aje na mguu unauma bado. Hii usiombe mama, hii umwambie.

Kuna kitu kingine sitaki kukutisha nacho lakini siwezi kunyamaza. Chunguza kama ni wewe tu hakushikii ama ni kila mtu. Kijana akianza kuogopa simu ya kila mtu, mara yuko mteja, yaani simu imezimwa, siku nzima, mara ana laini mpya, mara anakuomba mia tatu mia tano kila siku ya pili, hiyo si aibu ya kuongea, mara nyingi hiyo ni deni. Apu za mkopo zimewamaliza wengi hapo chuoni, anakopa ya chakula ama ya beting halafu simu inaanza kulia kutoka nambari asizojua. Kama ni hivyo usimpigie kelele, mwambie alete hesabu yote mkae nayo. Na ajue kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza hao wakopeshaji kumtusi, kumtishia ama kuandikia watu walio kwa simu yake wamwaibishe. Wakifanya hivyo ashtaki. Lakini kwa venye wako anakujibu haraka hivyo sidhani ni hii, nimesema tu uangalie.

Kwa wewe na mikono yako ya samaki, jifunze ujumbe wa sauti. WhatsApp wameweka tangu 2013. Hapo chini kwa chati kuna kamaikrofoni, ukikabonyeza unaongea, ukikavuta juu kanajifunga, unaweka simu kwa meza unaendelea kupara samaki ukiongea Kijaluo chako. Yeye anaweka simu kwa sikio chumbani, hakuna mwingine anasikia, na anasikia sauti ya mama na kelele ya Kibuye nyuma. Wewe unapata kuongea, yeye anapata muda wake wa kujibu. Jaribu wiki mbili kwanza na usitume shida hata moja. Tuma stori. Mwambie samaki leo walikuwa wadogo, mwambie yule jirani amenunua pikipiki.

Halafu leo usiku mtumie hii, ubadilishe upendavyo:

"Baba, habari ya masomo. Hakuna shida nyumbani, nimekumiss tu. Najua simu yangu inakupata mahali pabaya, kwa hivyo kuanzia leo nitakuandikia kwanza. Lakini nikiandika HARAKA halafu nikupigie, toka nje ushike, hata kama ni leksha. Na Jumapili tuongee na sauti, chagua saa wewe. Na dani, nyanya yako, umpigie wiki hii, anakuuliza."

Hiyo ya HARAKA uitunze, usiitumie kwa fee wala kwa mchango, ni ya hospitali na ya msiba basi. Ukiitumia ovyo mara mbili hataishika ya tatu. Na mwambie simu nyingi, hata akiweka isilie, zinaweza kuruhusu nambari ya mtu mmoja ipite, akuwekee wewe.

Baba yake ama wajomba usiwaingize saa hii. Wakianza kumpigia wote kumuuliza kwa nini hashiki simu ya mama yake, ndio atazima kabisa. Ngoja Jumapili ipite. Kama ameongea na wewe na amempigia nyanya, endelea hivyo. Kama hajapiga na hajajibu ile ya saa, panda gari ya Nakuru uende Njoro umuone, ubebe samaki, na usimwambie ni sababu ya simu.