Wyatt Earp wa My Darling Clementine: nyota ilikuwa ya kaka yake

Mkuu, umeuliza kama Wyatt Earp, yule mlinda sheria wa zamani wa Marekani, wa kwenye muvi ya My Darling Clementine ya mwaka 1946 ndiye yule wa kweli. Mimi muvi hiyo nimeirudia kuliko muvi yoyote ya kauboi, na miaka mingi niliamini Henry Fonda, aliyemwigiza, kanionyesha historia. Imani hiyo iliisha nilipohamia Arizona kikazi, nikafika Tombstone, mji wa kisa chenyewe, kwa miguu yangu.

Milima ile kama nguzo ya kwenye muvi haipo pale. Ni ya Monument Valley, kaskazini kabisa, wakati Tombstone iko kusini karibu na mpaka wa Mexico. Hilo namsamehe John Ford, mwongozaji wake.

Kinachoniuma ni Virgil. Tarehe 26 Oktoba 1881, siku ya lile pambano la bunduki la O.K. Corral, mkuu wa polisi wa mji alikuwa Virgil Earp, kaka yake Wyatt. Wyatt alikuwa msaidizi wake wa muda tu. Virgil ndiye aliyeamua kwenda kuwanyang'anya silaha mahasimu wao, kina Clanton na McLaury, kwa kuwa sheria ya mji ilikataza kutembea na bunduki. Akapigwa risasi ya mguu. Miezi miwili baadaye akaviziwa usiku, mkono wa kushoto ukalemaa moja kwa moja. Wyatt hakupata hata mchubuko. Sasa muvi inampa Wyatt ile nyota ya mkuu wa polisi, halafu Virgil anauawa kwa risasi ya mgongo kabla pambano halijaanza! Na anayemuua ni mzee Clanton, ambaye kwa kweli alishakufa tangu Agosti. Hata Doc Holliday, rafiki yake Wyatt, anafia kwenye pambano, wakati kifua kikuu kilimuua mwaka 1887.

Pambano lenyewe halikuwa ndani ya zizi la farasi la O.K. Corral. Lilitokea kwenye kiwanja chembamba kando ya studio ya mpiga picha Fly. Nilikipima kwa hatua, hazikufika kumi. Risasi kama 30, sekunde kama 30, watu watatu chini.

Lakini iangalie tu. Kuna pale Fonda amekaa barazani, kiti kimesimama kwa miguu ya nyuma, anakanyaga nguzo kwa mguu huu, anabadilisha mwingine, kiti hakianguki. Hasemi neno. Sijaona stelingi mwingine akionyesha utulivu namna ile.

Ukimaliza, tafuta Tombstone ya 1993. Virgil wa Sam Elliott anavaa nyota yake mwenyewe, tena Wyatt akimkataza.