Maswali na majibu: Ndege isiyotua njiani au ya kuunganisha?

Barua nyingi za mara hii zinahusu safari ndefu za watu wenye bajeti ndogo. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nataka kwenda London kutoka Dar es Salaam. Kati ya ndege ya moja kwa moja na ya kuunganisha, ipi nafuu? (Msomaji, Dodoma)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linaletwa likiwa tupu vilevile: halina tarehe, halina idadi ya mabegi, wala halisemi msafiri ana pasipoti ya nchi gani. Bila mambo hayo matatu jibu lolote ni la kubahatisha, nami sipendi kubahatisha kwa fedha za watu. Katika safari yako hata hivyo hakuna cha kulinganisha, kwa sababu British Airways iliacha kuruka Dar es Salaam mwaka 2013, na anayekwenda London kutoka Dar hubadili ndege mahali fulani, iwe Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul, Amsterdam au Nairobi. Kwa hiyo linganisha kituo na kituo.

Kwa jumla ndege ya kuunganisha huwa nafuu, na sababu yake si mafuta, kwani ndege inayotua njiani hulazimika kupaa mara mbili. Sababu ni ushindani. Shirika lenye kituo kikuu hujaza viti kwa kukusanya abiria wa miji mingi, na abiria wa Dar anagombaniwa na mashirika matano au sita kwa wakati mmoja. Shirika linaloruka bila kutua lina wafanyabiashara walio tayari kulipia muda wao, nalo halina haja ya kushusha bei.

Ndege ya Kenya Airways isiyotua kutoka Nairobi hadi New York inanizidi Sh38,000 za Kenya, kwenda na kurudi, ikilinganishwa na ya kupitia Ghuba ambayo inanisubirisha saa tisa. Mimi ni mwanafunzi. Nifanyeje? (Msomaji, Nakuru)

Hivi ndivyo swali la nauli linavyopaswa kuulizwa. Kenya Airways ilianzisha safari hiyo Oktoba 2018, nayo huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Ukipitia Doha au Dubai utaruka saa tano hivi, utasubiri saa tisa, kisha utaruka tena saa kama 14, jumla saa 28. Umepoteza saa 13 kwenda, na kurudi ni karibu hivyohivyo. Gawanya Sh38,000 kwa saa 26, utaona kwamba kila saa unayoitoa inakulipa takriban Sh1,460. Kwa mwanafunzi aliye likizoni hizo ni fedha za kuchukua. Kwa mfanyakazi mwenye ruhusa ya siku kumi, ambaye siku ya kwanza ataimaliza kitandani akitafuta usingizi alioupoteza, mimi ningemwambia alipie.

Usiishie hapo, lakini. Toa kwanza gharama ya chakula cha saa tisa kwa bei za kiwanja cha ndege. Kisha chukua tufe la dunia na kipande cha uzi, ushike ncha moja Nairobi na nyingine New York. Uzi utapita juu ya Sahara na Atlantiki, wala hautakaribia Ghuba. Kupitia Amsterdam au Paris unaruka saa 16 au 17 hivi kwa jumla, kwa hiyo ukipata kituo kilicho karibu na uzi na kusubiri kwa saa mbili au tatu, unapata unafuu wa bei bila kutoa siku nzima. Watu huangalia idadi ya vituo na kusahau kuangalia kituo kiko upande gani wa dunia.

Jambo moja linaniharibia hoja, lakini ni haki ulijue. Ndege isiyotua aghalabu ni moja tu kwa siku, na siku nyingine haipo kabisa. Ikiharibika, unasubiri ya kesho. Shirika kubwa lenye kituo linaweza kukuhamishia kwenye ndege inayofuata baada ya saa chache.

Niliuziwa tiketi ya “moja kwa moja” kutoka Amsterdam hadi Dar es Salaam, lakini tukatua Kilimanjaro na kukaa karibu saa nzima. Je, nilitapeliwa? (Msomaji, Bagamoyo)

Hukutapeliwa, ulikosa kuuliza. Katika lugha ya mashirika ya ndege, “moja kwa moja” maana yake ni namba moja ya safari kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama ndege itatua njiani kushusha watu. KLM imekuwa ikipitia Kilimanjaro kwa miaka mingi, na Brussels Airlines imekuwa ikiziunganisha Kigali na Entebbe katika safari moja. Anayetaka ndege isiyogusa ardhi kati ya anakotoka na anakokwenda aseme “isiyotua njiani”, na aliangalie jibu hilo kwenye ratiba badala ya kulipokea kinywani mwa wakala.

Nimeona nauli ya Nairobi hadi Istanbul, na nyingine ya ndege ya bei nafuu kutoka Istanbul hadi London Stansted. Nikizinunua mbalimbali naokoa fedha nyingi kuliko tiketi moja. Muda wa kuunganisha ni saa nne. Kuna tatizo? (Msomaji, Mombasa)

Lipo, dada yangu, na hili ndilo jambo ninalolipigia kelele kila mwaka. Safari yenye kituo kimoja haimuumizi mtu. Kinachomuumiza ni tiketi mbili. Ukinunua tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukufikisha mwisho wa safari, na ndege ya kwanza ikichelewa wao ndio watakaokutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili, una mikataba miwili isiyojuana. Wa pili hajali kwamba wa kwanza alichelewa, na jina lako kwake linaandikwa kama mtu asiyetokea.

Tazama sasa saa nne zako. Ndege kutoka Nairobi inatua kiwanja kikuu cha Istanbul, kilicho upande wa Ulaya, ilhali ndege nyingi za bei nafuu huruka kutoka Sabiha Gökçen, upande wa Asia, ng’ambo ya mlango wa bahari. Begi lako halitaunganishwa, kwa hiyo lazima uingie nchini kulichukua, na kuingia nchini kunataka kibali cha kuingia Uturuki kwa pasipoti yako. Utapanga foleni ya uhamiaji, utasubiri begi, utapanda basi ambalo kwenye msongamano linaweza kula saa mbili, kisha utakuta kaunta inayofungwa mapema na mizani isiyokusamehe kilo tatu, maana tiketi yako ya kwanza pengine iliruhusu mabegi mawili ya kilo 23 na ya pili haina begi hata moja hadi ulilipie. Saa nne hazitoshi. Hata nane zisingenipa usingizi.

Nazungumza kwa kuumwa. Niliwahi kufanya hesabu kama yako, nikajisifu kwa nilichookoa. Ndege ya kwanza ilichelewa saa mbili na dakika 40. Nilifika kaunta ya pili nikiwa nakokota begi lililovunjika gurudumu, nikakuta mhudumu anakunja kamba za foleni. Aliniambia kwa upole kwamba tiketi ile imekwisha kazi. Tiketi mpya ya usiku ule ilikula nilichookoa, ikala na fedha ya zawadi za watoto.

Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaioni hadi wakati wa kudai. Kwa safari inayoanzia katika kiwanja cha Umoja wa Ulaya, abiria anayefika mwisho wa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 akiwa amechelewa sana anaweza kudai fidia ya hadi euro 600, isipokuwa chanzo kiwe nje ya uwezo wa shirika. Uingereza ina sheria ya namna hiyo, na kiwango chake cha juu ni pauni 520. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2013 kwamba ucheleweshaji unapimwa pale unapofika mwisho, si pale ndege ya kwanza ilipotua, hata kama ndege ya kwanza ilichelewa kidogo tu. Lakini hukumu hiyo inamlinda mwenye safari iliyokatiwa tiketi pamoja. Wa tiketi mbili kila kipande chake kinasimama peke yake.

Tahadhari ya mwisho: zipo tovuti na mawakala wanaokuuzia vipande viwili kwa malipo ya mara moja, ukadhani ni tiketi moja. Uliza kabla ya kulipa, “Begi langu litafika mwisho bila mimi kuligusa?” Jibu likiwa na “lakini”, rudisha pochi mfukoni.

Kwa nini ndege ya Ethiopian kutoka Addis Ababa kwenda Washington hutua njiani, ilhali ikirudi haitui? (Msomaji, Kampala)

Ni kwa sababu ya mwinuko. Kiwanja cha Bole kiko zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mabawa hayapati nguvu ya kutosha kuinua ndege iliyojaa watu pamoja na mafuta ya kuvuka Atlantiki. Hivyo huondoka na mafuta pungufu na kujaza njiani. Washington iko karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo kurudi hakuna shida hiyo. Kwa abiria, saa moja ya kujaza mafuta ukiwa kitini haikuharibii kitu, na ikikupunguzia nauli, ipokee.

Ninakwenda São Paulo kutoka Lubumbashi. Wakala ananiambia kupitia Paris ni nafuu kidogo kuliko kupitia Addis Ababa. Nichague ipi? (Msomaji, Lubumbashi)

Chagua Addis Ababa, na umuulize wakala wako kwa nini hakukutajia viza. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha ya pamoja ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja), yaani orodha ya nchi ambazo raia wake huhitaji viza ya kupita kiwanjani hata kama hawatoki nje ya mlango. Husamehewa wenye hati fulani, kama viza hai ya Marekani, Kanada au Japani, na viza ya Brazil haimo. Ukifika kaunta bila hiyo, hutapanda, na nauli haitarudi. Wakenya na Watanzania hawamo katika orodha hiyo, ingawa baadhi ya nchi za Ulaya huongeza orodha zao, lakini wasijisahau: Uingereza inawataka viza ya kupita, isipokuwa wale wanaosamehewa, na Marekani haina utaratibu wa kupita bila viza kwa yeyote kati yetu. Mimi namlaumu wakala kuliko msafiri, maana kazi yake ni kujua haya.

Nairobi–Amsterdam–Oslo ni nafuu kuliko Nairobi–Amsterdam. Nikishukia Amsterdam je? (Msomaji, Kisumu)

Ukiacha kupanda kipande cha Oslo, vipande vilivyobaki vitafutwa, cha kurudi nyumbani kikiwamo, na begi lako litakwenda Oslo.

Shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, hajawahi kupanda ndege na hajui Kiingereza. Namleta Minneapolis kutoka Dar es Salaam. Nauli ya chini kabisa ina vituo viwili, Doha na New York. (Msomaji, Minneapolis)

Marahaba, mwanangu. Usimpitishe mama New York. Kwa kawaida abiria anayeingia Marekani hukaguliwa na uhamiaji katika kiwanja cha kwanza anachotua, kisha huchukua mabegi yake mwenyewe, hupita forodha, huyakabidhi tena na kupanga foleni upya ya ukaguzi. Kijana anaweza. Mama wa miaka 71, baada ya saa 14 hewani, hapaswi kutwishwa kazi hiyo. Mtafutie tiketi moja ya kupitia Amsterdam, kwa kuwa iko ndege inayotoka hapo hadi Minneapolis bila kutua. Hapo uhamiaji utamkuta mlangoni kwako, nawe utakuwa nje unamsubiri. Ikizidi nauli ya vituo viwili, lipa tofauti hiyo kwa moyo mweupe.

Omba kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla, hata kama anatembea vizuri, kwa sababu kinakuja na mtu wa kumfikisha kwenye lango lake. Mwandikie kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu namba za safari, mji anaoshukia na simu yako, aivae shingoni. Anayemsindikiza Dar asimame kaunta hadi begi livalishwe kibandiko, akisome: herufi tatu kubwa zaidi ziwe MSP, yaani Minneapolis. Zikiwa AMS, yaani Amsterdam, aseme papo hapo kabla begi halijaondoka kwenye mkanda. Kipande cha kibandiko atakachopewa mama akihifadhi ndani ya pasipoti, maana begi likifika limevunjika, malalamiko ya maandishi yanatakiwa ndani ya siku saba. Na akirudi, mwambie mapema: ndege ikitua Kilimanjaro, abaki kitini.

Wageni wangu wanakuja Zanzibar kutoka Frankfurt kupitia Addis Ababa, wakisubiri hapo saa 14. Wanahitaji kadi ya njano? (Msomaji, Nungwi)

Ndiyo. Tanzania huidai kwa anayekaa zaidi ya saa 12 katika kiwanja cha nchi yenye hatari ya homa ya manjano, na Ethiopia ni mojawapo. Sindano ichomwe siku 10 kabla. Wakipata kuunganisha kwa saa tatu, dai hilo linaondoka, na pengine nauli itakuwa ileile wakiongeza gharama ya chanjo.

Naweza kubeba asali ya Tabora kwenye begi la mkononi nikibadili ndege Istanbul? (Msomaji, Sikonge)

Chupa inayozidi mililita 100 itachukuliwa kwenye ukaguzi. Itie kwenye begi kubwa, uzungushie kifuniko utepe, uiviringishe kwenye taulo katikati ya nguo, na kwanza hakikisha nchi unayokwenda inaruhusu asali kuingia.