Umehamia mji mpya: namna ya kumpata fundi wa gitaa wa kumwamini

Kabla ya kumtafuta fundi, lipe gitaa muda. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, kwa hiyo gitaa lililotoka kwenye hewa kavu likaingia kwenye hewa nzito, au kinyume chake, litaendelea kubadilika kwa wiki moja au mbili. Magitaa mengi hutulia kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Ukizidi sana, uso wa gitaa la akustiki huvimba na nyuzi hupanda. Ukipungua sana, uso hubonyea, nyuzi hushuka na kuanza kukwaruza, na ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, huchomoza pembeni mwake, kwa kuwa ubao umesinyaa na chuma hakisinyai. Fundi akiliseti gitaa, yaani akirekebisha shingo, kimo cha nyuzi na usahihi wa noti, siku ya tatu, atakuwa ameseti kitu ambacho bado kinasogea, na wewe utamlaumu bure.

Siku hizo za kusubiri zitumie kupima. Unahitaji tyuna (kifaa cha kupatanisha sauti za nyuzi), rula inayoonyesha nusu milimita na mwanga mzuri. Tyuni nyuzi zote kwanza, maana vipimo vya nyuzi zilizolegea havina maana. Bana uzi mnene wa E kwenye freti ya kwanza na kwenye ile iliyo pale shingo inapoungana na boksi, kisha tazama mwanya uliobaki juu ya freti ya saba: milimita 0.1 hadi 0.3 ni kawaida. Uachie uzi, upime kimo chake juu ya freti ya 12. Gitaa la umeme huwa karibu milimita 2 kwa uzi mnene na 1.5 kwa uzi mwembamba; akustiki la nyuzi za chuma 2.5 na 2. La nailoni 4 na 3. Anayepiga kwa nguvu atahitaji zaidi kidogo.

Andika pia mahali panapokwaruza. Kukwaruza kwa uzi ulio wazi (usiobanwa) peke yake huelekeza kwenye nati, kile kipande chenye mifereji sita karibu na kichwa: mfereji umechimbika mno. Freti tano za mwanzo zikikwaruza, mara nyingi shingo imenyooka kupita kiasi. Sehemu moja tu ikikwaruza, freti inayofuata imenyanyuka, au ile unayobana imeliwa. Nenda kwa fundi na karatasi hiyo, maana kazi ikiisha ndiyo itakayokuonyesha alichobadilisha.

Majina ya mafundi yatafute kwa wanaopiga kila wiki: bendi za kumbi na za ibada, walimu wa muziki, watu wa studio. Usiulize fundi mzuri ni nani, utapewa jina la rafiki. Uliza gitaa lao lilifanyiwa nini na lini, kisha omba ulishike. Kazi ya freti iliyofanywa miaka miwili iliyopita na bado inatoa sauti safi ni ushahidi mzito kuliko sifa yoyote. Dukani, uliza ni nani hasa atakayeshika chombo chako, kwa sababu maduka mengine hupokea tu na kupeleka kwingine. Fundi wa fidla anaweza kuwa hodari wa nyufa na gundi, lakini usimpe freti wala nyaya kabla hujajua kama amewahi kuzifanya.

Kazi ya kwanza iwe ndogo na yenye kurudishika. Kuzungusha fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, kupandisha au kushusha skrubu za daraja (kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya boksi) la gitaa la umeme, kubadili nyuzi: hayo yote hurudi yalipokuwa. Kusaga freti, kuchimba mifereji ya nati, kupunguza kwa msasa mfupa wa daraja unaolaliwa na nyuzi, kutoboa tundu la jaki la kuchomekea waya: hayo hayarudi, kwa kuwa kilichoondolewa kimekwenda. Kwa hiyo anza na kuseti gitaa, na umwambie waziwazi asikate wala kusaga chochote kabla ya kukupigia simu. Akikasirikia sharti hilo, lichukue gitaa lako.

Fundi anayejua kazi huuliza kabla ya kushika bisibisi: unatumia nyuzi za unene gani, unatyuni vipi, unapiga kwa vidole au kwa kipiki. Kisha hutazama shingo kwa urefu wake na kupima nyuzi zikiwa zimetyuniwa. Mpangilio wake ni mmoja: shingo kwanza, kimo cha nyuzi kinafuata, usahihi wa noti mwisho, kwa sababu kila hatua huvuruga inayofuata. Fimbo ya shingo huzungushwa robo mzunguko au chini ya hapo, nyuzi zinatyuniwa upya, anatazama tena. Fimbo hiyo ni ya kurekebisha mpindo wa shingo. Anayeitumia kushusha kimo cha nyuzi hajui ilipo kazi yake.

Swali zuri la kumpima ni jinsi anavyobandika daraja lililoanza kunyanyuka. Jibu unalolitaka ni kwamba huling'oa lote, husafisha gundi ya zamani hadi mbao zionekane, hutumia gundi ya mbao au ile inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama na kulibana kwa klampu hadi siku nzima. Ile gundi ya papo kwa papo ina matumizi yake madogo, lakini anayeitaja kwa kila kazi asiguse daraja lako: hukauka kabla vipande havijakaa sawasawa.

Siku ya kulichukua, pima palepale mbele yake. Piga kila freti ya kila uzi. Uzi ulio wazi na uleule ukibanwa freti ya 12 vitoe noti ileile, oktavu moja juu. Noti ya freti ikipanda kupita hapo, uzi unahitaji kurefushwa kwa kurudisha nyuma kiti chake, pale unapolalia kwenye daraja. La umeme lichomeke kwenye amplifaya na uzungushe vifundo vyote ukisikiliza mikwaruzo.

Shingo ikivunjika karibu na kichwa kabla hujampata fundi, legeza nyuzi zote mara moja, kwa kuwa seti ya kawaida ya chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70. Kusanya kila kibanzi, ukiweke kwenye bahasha. Usiijaribu mivunjiko kwa kuigandamiza, kingo zitasagika, na usitie gundi yoyote. Lilaze gitaa kashani jinsi lilivyo. Mvunjiko mpya na msafi hushika vizuri. Uliokwisha kupakwa gundi isiyofaa humlazimu fundi aikwangue kwanza, na huenda na mbao pamoja.