Maswali ya Wasomaji: Programu ya Duka Inapogoma Kuungana

SWALI: Shikamooni wataalamu. Tuko wanne, tunasoma kompyuta hapa Mbeya. Tunamtengenezea mfanyabiashara wa mchele wa jumla pale Mwanjelwa programu ya mauzo na stoo. Tuligawana: mmoja hifadhidata, mmoja skrini, mmoja ripoti, mmoja mambo ya nywila. Kila asubuhi tunafanya kikao cha kusimama kama ajaili, ile mbinu ya kutengeneza programu kwa vipande vidogo vidogo, inavyotaka. Baada ya wiki sita tumeunganisha, na hakuna kinachofanya kazi. Tumekosea wapi?
Msomaji, Iyunga

JIBU: Marahaba. Kikao hakina kosa, kosa liko kwenye mgawanyo. Mmeikata programu kwa tabaka, kwa hiyo mpaka wiki ya sita hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho mfanyabiashara angekibonyeza akasema, "Hapa sivyo." Mwenye skrini aliandika kilo, mwenye hifadhidata akaweka magunia, na hapakuwa na njia ya kugundua mapema. Wale watu 17 walioandika tamko la ajaili huko Utah, Marekani, mwaka 2001, waliweka programu inayofanya kazi kuwa kipimo kikuu cha maendeleo. Kikao cha asubuhi ni chombo tu cha kufikia hapo.

Gawaneni upya kwa kufuata kazi za dukani. Kipande cha kwanza: muuzaji anauza mchele kwa taslimu, na mzigo wa stoo unapungua. Basi. Skrini yake ina visanduku vitatu: aina ya mchele, kilo, bei. Nywila na ripoti zisubiri. Wawili wakae kwenye kompyuta moja wakiandika kipande hicho, wawili waandae cha pili, mauzo ya mali kauli. Kila Ijumaa kipelekeni dukani, mwachieni mwenye duka kipanya, nanyi mkae kimya mwone anakwama wapi. Skramu, mojawapo ya njia za kufanya ajaili, inaruhusu sprinti (kipindi cha kukamilisha kipande) isiyozidi mwezi mmoja, lakini kwa wanaojifunza wiki moja inatosha, kwa sababu kosa la wiki moja hurekebishika.

Kabla ya kuandika chochote, shindeni stoo nusu siku mkiangalia mzigo ukipokelewa. Mtaona wenyewe kwamba gunia si kipimo. Mzigo wa Kyela ukifika umefungwa lumbesa, gunia hili na lile havilingani uzito, na mkihifadhi "magunia 40" stoo haitakubaliana na mzani hata siku moja. Hifadhini uzito uliosomwa kwenye mzani, kwa gramu, namba nzima. Idadi ya magunia iwekwe safu yake ya pembeni, kwa ajili ya kulipa wapakuzi.

Ubao wenu uwe na safu tatu: Inasubiri, Inafanyika, Imekwisha. Kwenye Inafanyika zisizidi kadi mbili. Kadi haihamii Imekwisha mpaka msimbo umeunganishwa kwenye tawi kuu (nakala ya pamoja ya programu) na umeendeshwa kwenye kompyuta ya mwenzako, maana "kwangu inakubali" ndiyo kauli inayoua vikundi vingi. Kwenye Git, programu inayotunza mabadiliko ya msimbo, tawi (nakala ya pembeni unayoifanyia kazi) lisiishi zaidi ya siku mbili, na kila asubuhi vuta kazi ya wenzako kwa git pull kabla hujagusa faili. Tawi likikaa wiki tatu, mistari ile ile imeshabadilishwa na watu watatu. Git haiwezi kujua nani yuko sahihi, hivyo inawarudishia ninyi mchague mstari kwa mstari, na hapo ndipo kazi ya mtu hufutwa bila yeye kujua.

SWALI: Habari za kazi. Duka la vifaa vya ujenzi nililoliandikia programu lina kaunta mbili. Saruji inaonyesha hasi, na VAT haikubaliani na hesabu ya mhasibu.
Msomaji, Makambako

JIBU: Nzuri. Saruji kwanza. Stoo ina mifuko 10. Kaunta ya kwanza inauliza, inaona 10, inakubali kuuza 6. Kabla haijapunguza, ya pili nayo inauliza, inaona 10 ile ile, inauza 6. Zote zinapunguza, inabaki -2, na mteja ana risiti ya mifuko isiyokuwepo. Kuuliza na kupunguza kuwe amri moja:

UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 6 WHERE id = 12 AND idadi >= 6;

Kisha angalia mistari mingapi imebadilika. Ikiwa 0, kataa mauzo. Amri hiyo na ile ya kuandika mauzo ziwe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ili umeme ukikatika katikati zianguke zote mbili.

VAT: kama bei ya 118,000 tayari ina kodi ya 18%, zidisha kwa 18/118, upate 18,000. Ukizidisha kwa 0.18 unapata 21,240, na tunashuku hapo ndipo mlipoachana na mhasibu. Kiwango kikae kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza kutumika, kwa kuwa Serikali hubadilisha. Kila mstari wa mauzo ubebe bei na kiwango cha siku ile, la sivyo ripoti ya Machi itahesabiwa kwa bei za Agosti. Fedha usizihifadhi kama float, aina ya namba inayokadiria desimali: humo 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004. Tumia DECIMAL, inayotunza desimali kamili. Na muuzaji akikosea, usifute mauzo. Ongeza mstari wa kuyarudisha, ili mhasibu aone yote mawili.

SWALI: Niko Tukuyu, intaneti ni ya kubahatisha. Nianze kujifunza na nini?
Msomaji, Rungwe

JIBU: SQL, lugha ya kuiuliza na kuiamuru hifadhidata, kwa kutumia programu ya SQLite. Hifadhidata nzima ni faili moja, haihitaji seva, na ukishaipakua huhitaji mtandao. Omba kurasa za wiki moja za daftari la duka la jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe, uziingize, kisha uliza: nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini? Ukiweza kujibu hayo kwa amri ulizoandika mwenyewe, ongeza Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo huja na SQLite ndani yake. Git pia hufanya kazi bila mtandao. Mabadiliko yako hutunzwa kwenye kompyuta mpaka upate intaneti ya kuyatuma kwa wenzako.