Kilatini mtakariri, ila someni na kesi

Wadogo zangu mnaoanza sheria mwaka huu, orodha ya misemo ya Kilatini haitachelewa kuwafikia. Mimi yangu niliibandika ukutani juu ya kitanda, nikaikariri kama dua. Siku ya mahakama ya mazoezi nikatamka "cui bono", yaani nani kafaidika, kwa mbwembwe zote. Mwalimu aliyekalia kiti cha jaji akashusha miwani: "Kwenye shauri gani, wakili?" Nikaangalia viatu vyangu.

Shauri lenyewe ni la mwaka 80 KK. Cicero, wakili wa Kirumi, kijana wa miaka 26, anamtetea Sextus Roscius wa Ameria, anayedaiwa kumuua baba yake. Mzee aliuawa usiku mjini Roma, akitoka kula chakula cha jioni. Marehemu huyohuyo jina lake likaja kuchomekwa kwenye orodha ya maadui wa dola, mali ikauzwa. Mashamba 13 yalikuwemo. Kwa hesabu ya Cicero mali ile ilifika sesterce (sarafu za Kirumi) milioni 6. Chrysogonus, mtumwa aliyeachwa huru na mtawala Sulla, aliipata kwa 2,000. Mtoto hakuachiwa hata njia ya kwendea makaburi ya kwao. Hapo ndipo Cicero anapomtaja jaji wa zamani, Lucius Cassius, ambaye haishi kuuliza: nani kafaidika? Roscius akaachiwa.

Lakini ona alivyolitumia. Ni swali, si ushahidi. Kama kufaidika ndiko kuua, kila mrithi angekuwa gerezani.

Msemo mwingine, "summum ius, summa iniuria", kwamba sheria ikikazwa mno huzaa dhuluma, Cicero anaueleza kwenye kitabu alichokiandika mwaka 44 KK. Kamanda mmoja alikubaliana na adui kusitisha vita siku 30, halafu akawa anaharibu mashamba yao usiku. Mkataba si umesema siku? Usiku haumo!

Hadithi ninayoipenda zaidi kitabuni humo ni ya Labeo, Mrumi aliyetumwa kusuluhisha mpaka kati ya watu wa miji ya Nola na Napoli. Akawavuta pembeni, hawa kivyao na wale kivyao, akawasihi wasiwe na tamaa, warudi nyuma kidogo. Wote wakarudi. Pakabaki kipande katikati, akakitoa kwa Roma. Cicero mwenyewe anakiri kisa hiki amekisikia tu, na huenda mhusika si Labeo. Igeni hilo mnapoandika hoja: ulichosikia sema umesikia.

Siku hizi mteja akinijia na mgogoro wa shamba, Kilatini nakiacha kabatini. Naanza kumuuliza nani analima pale sasa hivi, na nani aliyewaambia msogeze mpaka.