Kuunganisha nyaya mbili za Beverage kwa fezi: kwa wanaoanza bendi za chini

Ndugu zangu mnaoanza kusikiliza bendi za redio za mita 160 na 80, acheni kutafuta antena inayopokea kwa nguvu. Waya wa Beverage, yaani antena ndefu ya kupokelea inayotandazwa karibu na ardhi, hutoa mawimbi hafifu, na bado unaishinda antena ya kurushia, kwa sababu unapunguza kelele zaidi kuliko unavyopunguza sauti. Paul Godley, mpenzi wa redio Mmarekani, aliutumia Ardrossan, Uskoti, Desemba 1921, akawasikia wapenzi wa redio wa Marekani. Kwetu Afrika Mashariki faida ni kubwa zaidi: ukiuelekeza mashariki, Indonesia na Australia, nyuma yako kuna Bonde la Kongo, ambako radi ni nyingi kuliko karibu kote duniani.

Anza na waya mmoja. Urefu wa mita 160 au zaidi, juu ya nguzo za mita 2 au 3, rezista ya omu 450 hivi kwenda ardhini kwenye ncha inayotazama unakotaka kusikia. Upande wa redio weka transfoma ya 9:1 kwa kebo ya omu 50, au 6:1 kwa kebo ya omu 75. Utumie mpaka uizoee sauti yake.

Wa pili uwe pacha wake: sambamba, umbali wa mita 10 hivi, ila waya huu wa pili mzima usogezwe nyuma mita 20. Kelele ya nyuma huugusa huu kwanza, kisha wa mbele. Basi mawimbi ya huu wa nyuma yacheleweshe kwa kipande cha kebo na ugeuze fezi yake, yaani kilele cha wimbi kiwe bonde. Kelele ya nyuma itafika pamoja kutoka pande zote mbili na kufutana, iwe bendi ya mita 160 au 80. Hapa wengi hukosea hesabu. Mawimbi hupita polepole ndani ya kebo, kwa hiyo mita 20 za hewani ni mita 13.2 tu za RG-58 ya kawaida yenye kasi ya asilimia 66. Kebo nyingine zote mbili, kutoka kwenye transfoma hadi kiunganishi (kifaa kinachojumlisha mawimbi ya nyaya mbili), ziwe na urefu sawa kabisa.

Kabla ya kuunganisha, sikiliza kila waya peke yake kwenye stesheni ileile ya masafa ya kati. Mita ya redio inayopima nguvu ya mawimbi isome sawa kwa nyaya zote mbili. Ukiunganisha na kelele ya nyuma ikaongezeka badala ya kupungua, usikate kebo: transfoma moja imefungwa kinyume. Badilisha ncha za upande wake mmoja, usikilize tena.