Maswali ya Wasomaji: Kutoka Tamthilia Hadi Filamu

SWALI: Nimeongoza tamthilia ya televisheni miaka 4, studioni, kamera 3. Sasa nimepewa filamu ya dakika 90, kamera 1, na prodyuza anataka ipigwe kwa siku 18. Itawezekana?

JIBU: Itawezekana, ila piga hesabu kabla hujasaini. Ukurasa 1 wa skripti hukaribia dakika 1 ya filamu, kwa hiyo una kurasa 90, yaani 5 kwa siku. Huo ni mwendo wa tamthilia; filamu yenye nafasi hupiga 2 au 3. Studioni kurasa 5 hazikutishi kwa kuwa kamera 3 hubeba mazungumzo yote kwa mkupuo mmoja. Ukiwa na kamera 1, kila pembe ni kazi upya: taa zihamishwe, sauti ipimwe, mwigizaji arudie.

Weka dakika 25 kwa kila shoti, yaani kila kipande kinachopigwa kutoka pembe moja bila kukata. Siku ya saa 12, ukitoa mlo na kuhama, hubakiza saa 9 hivi: shoti 21, nne kwa ukurasa. Na usidanganywe na urefu wa maandishi. "Wanapigana hadi nje" ni mstari mmoja, moja ya nane ya ukurasa kwenye ratiba, ambayo hugawa kila ukurasa sehemu nane, lakini utakula nusu siku.

Kinachowaangusha wengi waliotoka studioni ni mpangilio. Wanafuata mazungumzo: shoti ya huyu, shoti ya yule, kisha wanarudi kwa huyu, na kila kugeuka ni taa kuanza upya. Maliza shoti zote zinazotazama upande mmoja, ndipo ugeuke. Kwa kawaida tunaanza na shoti pana, lakini pale mwigizaji anapotakiwa kulia, anza na klozapu, shoti ya karibu ya uso. Ukiiacha mwisho, machozi yameshaishia kwenye shoti pana ambayo mhariri ataitumia sekunde 3.

Mazoezi pia yanakomboa muda. Mwongozaji Mmarekani Sidney Lumet alitoka televisheni ya moja kwa moja, na filamu yake ya kwanza, 12 Angry Men (1957), aliifanyia mazoezi wiki 2 kabla ya kamera kuwaka. Karibu yote imo ndani ya chumba kimoja. Alianza na kamera juu ya usawa wa macho, akaishusha hadi chini yake kadiri hadithi ilivyosonga, huku akibadili lenzi kwenda ndefu zaidi, zinazovuta vya mbali karibu, hadi kuta zikaonekana kuwabana watu. Uamuzi kama huo hutoka mezani. Kwenye seti, saa kumi jioni, huupati.

Kama prodyuza hasogei, punguza maeneo badala ya shoti. Kuhama mara moja mchana hukugharimu saa 2, yaani shoti 4 au 5.

SWALI: Kwenye tamthilia uhariri wangu hubadilishwa kila mara. Filamu nayo ni hivyo?

JIBU: Tamthilia ni mali ya mtayarishaji mkuu na waandishi wake; wewe ni mgeni wa kipindi. Nchini Marekani, mkataba wa chama cha waongozaji humpa mwongozaji wa kipindi cha saa 1 siku 4 za kuhariri toleo lake. Wa filamu kubwa hupewa wiki 10. Hata hizo hazimaanishi toleo la mwisho ni lako, maana neno la mwisho hubaki kwa mwenye fedha isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Idadi ya siku zako iandikwe kwa tarakimu.